Ndege ya uongo, feza ya kweli



Safari hii hatuandiki juu ya usafi wa madarasa, wala juu ya wale wanaochelewa kurudi toka mtoni. Tunataka kutoa maoni juu ya neno ambalo limegawanya mwaka wa sita vipande viwili, hata watu wawili wa dawati moja wamekaa siku tatu bila kusemezana. Ni hivi. Mwenzetu mmoja wa kitengo cha hisabati na fizike anataka kuwa piloti wa ndege kubwa za abiria. Jina lake hatulitaji, hata kama nyinyi wote mnalijua. Ukoo wake umekusanya dola 1.200. Sehemu kubwa imetoka kwa baba yake mdogo, mtu wa mashimo ya dhahabu upande wa Salamabila, na sehemu ingine imetoka katika mchele na mawese. Mwenzetu anataka kuchukua feza hizo, kwenda mji mkubwa kabla ya Egzeta, na kulipia saa za simulatere.

Kwa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza: simulatere ni mashine ya kuiga ndege. Unakaa katika kiti kama cha piloti, mbele yako kuna vipimo vyote, unashika usukani, na katika kioo unaona uwanja wa ndege unakuja. Lakini haujatoka chini hata kidogo. Ukianguka, hakuna maiti. Mwalimu anabonyeza kidude, mnaanza tena.

Wengine darasani wanasema aende, bahati haiji mara mbili. Wengine wanasema ni wazimu. Sisi watatu tunaoandika ukurasa huu tumekaa pamoja, tumemsumbua mwalimu wa fizike, tumesoma tulivyoweza, na maoni yetu ni haya: asiende sasa, na feza ile isilipe simulatere. Asidhani ni wivu. Mmoja wetu, ambaye ni msichana, anataka kazi ileile, na hajaacha kuitaka.

Tena hatusemi kama watu ambao hawajaonja. Likizo iliyopita wawili kati yetu tulikuwa katika mji mmoja. Huko kuna nyumba yenye kompyuta tatu, na kila moja iko na kijiti cha kuongozea. Juu ya mlango wameandika kwa rangi nyekundu kwamba wanafundisha kuruka. Tulilipa dola 10 kila mtu kwa nusu saa. Loo, tulifurahi! Tulitoka chini, tukazunguka juu ya mji wa Ulaya ambao jina lake hatukulijua, tukaanguka mara nne. Kiisha yule bwana akatupa karatasi yenye muhuri wa bluu: «Piloti, daraja la kwanza». Tulirudi nayo Kabambare, tukaionyesha watu wote. Mwalimu wa fizike akaigeuza, akaangalia mgongoni, akauliza: «Namba ya AAC iko wapi?» AAC ni mamlaka ya anga ya nchi yetu. Namba hapakuwa. Akauliza tena: «Na ile nusu saa, imeandikwa katika kitabu gani?» Kitabu hapakuwa. Zile dola 20 mama zetu walikuwa wametupa juu ya madaftari. Mpaka leo tunaandika fizike na kemia katika daftari moja, tunaligeuza juu chini.

Kitu cha kushangaza ni kwamba simulatere ilitengenezwa kwa kukimbia bei kali. Aliyeitengeneza ni Mmarekani Edwin Link wa mji wa Binghamton, na baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Mwaka 1920 Link, akiwa kijana kama sisi, alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la ndege, feza nyingi sana kwa siku zile. Baadaye alichukua mifuko ya upepo ya kinanda, ile inayopumua ndani ya kinanda cha kanisa, akaiweka chini ya kisanduku chenye umbo la ndege ndogo, ikawa inakiinamisha na kukiinua. Mwaka 1929 mashine ilikuwa tayari. Mwanzoni wenye kuitaka walikuwa hasa watu wa viwanja vya michezo, fasi watoto wanapanda farasi wa mbao. Halafu mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake hawakuzoea kuruka usiku na ndani ya mawingu. Katika miezi michache zaidi ya kumi wakafa. Hapo jeshi likanunua mashine sita za Link, kila moja dola 3.500. Katika vita vya pili vya dunia maelfu kwa maelfu ya marubani walipita ndani ya kile kisanduku wakijifunza kuruka bila kuona nje.

Basi watu wenye akili waliinunua kwa kuokoa feza na maisha. Kuna mambo ambayo ndege ya kweli haiwezi kufundisha bila hatari ya kuua: moto katika injini, injini kuzimika wakati magurudumu yametoka chini sasa hivi, mvua kali karibu na uwanja. Juu ya mvua sisi Wakongo hatuhitaji kuhubiriwa. Tarehe 8 Julai 2011 Boeing 727 ilianguka Kisangani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na watu zaidi ya 70 wakafa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunapinga simulatere. Tunapinga kuilipia kwa wakati usiofaa, kwa mtu asiyefaa.

Tufanye hesabu, kwa sababu ni haya wanahisabati wa mwaka wa sita wakishindwa hesabu ya namna hii.

Kanuni za lisansi zinatoka katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, OACI, lenye makao Montreal, na kila nchi inazifuata na kuongeza zake. Lisansi ya kwanza, ya kuruka bila kulipwa, inataka saa 40 za kuruka. Katika hizo, saa za mashine zinazoweza kuhesabiwa ni 5 tu. Lisansi ya kufanya kazi ya mshahara inataka saa 200, ao 150 kama umefuata programu ya shule iliyokubaliwa toka mwanzo mpaka mwisho; humo mashine haipiti saa 10. Kwa kuruka kwa vipimo peke yake, bila kuona nje, zinatakiwa saa 40, na hapo mashine inapewa fasi kubwa: 20, ao 30 kama ni simulatere kamili. Na kila saa sharti iwe katika mashine iliyokubaliwa na mamlaka, pamoja na mwalimu mwenye ruhusa, na iandikwe katika kitabu cha safari cha mwanafunzi. Kiti kizuri na kioo kikubwa havihesabiwi.

Sasa chukua dola 1.200. Toka hapa mpaka Kindu ni pikipiki, na mnajua ile njia wakati wa mvua. Toka Kindu ni ndege. Huko mjini ni kula na kulala, na jamaa wa kumpokea naye hatakataa zawadi. Tuseme kwa wema kwamba zinabaki dola 700. Saa moja ya simulatere ndogo iliyokubaliwa, pamoja na mwalimu, inaweza kufika dola 100. Ni saa 7. Saa 7 kwa mtu ambaye hajaandikishwa katika shule yoyote ya ndege, hajapimwa na daktari, na ambaye Kiingereza chake (atusamehe) kinaishia kwa salamu. Tena katika zile 7, mbili za kwanza zitakwisha akitafuta jina la kila kidude. Hizo ni dola 200 kwa kujifunza mambo ambayo mtu anaweza kuyasoma bure chini ya mwembe.

Baba yake mdogo anashuka shimoni na kamba na taa ya kichwa. Tulimwomba mwenzetu atuhesabie: saa moja ya simulatere ni siku ngapi za baba mdogo chini ya udongo? Alianza kuhesabu kwa sauti, kiisha akanyamaza.

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, na kitu cha kwanza alichotaka mtu yule afanye ni kukaa chini na kuhesabu gharama. Basi tukae. Ni nini kinaweza kumfungia mwenzetu mlango hata kama angekuwa na dola 80.000? (Tunataja hiyo kwa sababu huko Ulaya na Marekani masomo yote, toka mwanzo mpaka lisansi ya kazi, mara nyingi yanafika ao yanapita bei hiyo.) Ni mwili. Piloti wa mshahara sharti awe na cheti cha daktari cha daraja la kwanza, na si daktari yeyote, ni yule aliyekubaliwa na mamlaka ya anga. Anapima moyo, mapafu, masikio, macho. Wale wanaoficha miwani mfukoni wakidhani piloti havai miwani, itoeni: miwani inaruhusiwa, mradi ukiivaa unaona vizuri kufikia kipimo. Shida iko katika rangi. Kuna watu, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, ambao hawatofautishi sawasawa nyekundu na kijani, na wengi hawajui mpaka siku ya kupimwa. Daktari Mjapani Shinobu Ishihara alitengeneza mwaka 1917 kitabu cha madoadoa ya rangi chenye namba zilizojificha ndani yake. Asiyeona rangi vizuri haoni namba. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Ni huzuni gani mtu amalize dhahabu ya ukoo mzima, kiisha aambiwe na madoadoa! Kwa hiyo dola ya kwanza ya ndege iende kwa daktari. Kila dola inayotangulia hiyo ni kamari, na sisi tumefundishwa kutocheza kamari.

Baada ya mwili ni Kiingereza. Tangu Machi 2008 piloti wa safari za kimataifa anayesema Kiingereza katika redio sharti awe amefika ngazi ya 4 kati ya 6, na mwenye ngazi hiyo anapimwa tena kila miaka mitatu. Kifaransa chetu kitatusaidia Kinshasa na Lubumbashi, lakini vitabu vingi vya ndege ni Kiingereza, na shule zilizo karibu nasi zinafundisha kwa Kiingereza. Kwa kila saa moja ya simulatere mtu anaweza kununua kamusi na vitabu vya mwaka mzima. Tena hapa shuleni kuna mwalimu wa Kiingereza ambaye saa yake ya Ijumaa mchana wanahisabati wengi wanaikimbia wakicheza mpira. Mwenzetu ndiye golikipa.

Na Egzeta. Hapo hatutasema mengi, Bwana Prefe anasema ya kutosha kila Jumatatu. Tunasema tu kwamba kuondoka miezi michache kabla ya diploma, kwa ajili ya saa 7 ambazo hazihesabiwi, ni kuuza mbuzi kwa kununua kamba.

Je, mpaka wakati huo akae tu akiangalia mawingu? Hapana. Marubani wa kweli wako na mazoezi ambayo hayana bei: wanabandika picha ya vipimo vya ndege ukutani, wanakaa mbele yake katika kiti cha kawaida, wanagusa kila kitu kwa mpango wake wakitamka kwa sauti. Sisi tumechora vipimo sita vya Cessna 172 mgongoni mwa kalenda ya zamani. Juu, kushoto kuna kipimo cha mwendo, katikati upeo wa kuiga, kuume kimo. Chini kuna kipimo cha kugeuka, dira, na kipimo cha kupanda na kushuka. Kila jioni mmoja anapiga kelele «injini imekufa!» na mwingine anajibu: shusha pua, shika mwendo wa maili za bahari karibu 65 kwa saa, tafuta fasi ya kutua mbele yako, usijaribu kugeuka kurudi uwanjani kama bado uko chini. Watu wa bweni wanatucheka. Wacha wacheke, kiti cha mbao hakidai dola 100.

Kwa kompyuta kuna programu ya bure inaitwa FlightGear. Mtu akiipakua mara moja mjini anaweza kuileta hapa katika flashi, na inatumika bila intaneti. Saa zake hazihesabiwi popote, tujue hivyo, na inaweza kufundisha tabia mbaya: aliyezoea kompyuta anakazia macho vipimo badala ya kuangalia nje. Lakini inasaidia kujua nini inafuata nini. Hapa tunawaomba walimu wetu kwa heshima. Kompyuta ya ofisi iko na plake yake ya jua, na Jumamosi baada ya saa tisa hakuna mtu anayeitumia. Tungepewa saa moja, mbele ya mwalimu, tungeshukuru. Kijiti rahisi cha kuongozea ni dola 30 mpaka 50. Darasa likichanga, ni cha darasa zima na wanaobaki nyuma yetu.

Siku mlango ukifunguka, ndipo feza ya simulatere itakuwa na maana. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na shule ya ndege ya Soroti, Uganda, ilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya jumuiya ya zamani. Nairobi, katika uwanja wa Wilson, kuna shule kadhaa. Addis Abeba iko chuo cha Ethiopian Airlines, kampuni ambayo ina asilimia 49 katika Air Congo iliyoanza kuruka Desemba 2024. Huko mwanafunzi aulize kabla ya kutoa feza: mashine hii imekubaliwa na nani, saa ngapi zitahesabiwa, nani anatia sahihi. Asilipe yote mara moja. Alipe somo kwa somo kama wanakubali, kwa sababu shule ikifunga mlango, aliyelipa mbele anabaki na risiti. Na usiku wa kabla ya somo arudie kila kitu katika kalenda yake, ili saa ile ya bei kali iwe ya kurekebisha makosa, si ya kuuliza majina.

Simulatere kubwa kabisa, zile zinazotikisika na kulia kama Boeing yenyewe, ni mamia ya dola kwa saa, na hizo ni za mwisho wa safari. Kampuni zingine zinazilipa, zingine zinataka piloti ajilipie. Lakini hata wazee wa kazi wanarudishwa humo. Baada ya Boeing 737 MAX mbili kuanguka, moja Indonesia Oktoba 2018 na moja Ethiopia tarehe 10 Machi 2019, ambayo ya pili peke yake iliua watu 157, Wamarekani waliporuhusu ndege hiyo tena Novemba 2020 walilazimisha marubani wake kupita kwanza katika simulatere. Kabla ya hapo mafunzo ya kompyuta ndogo yalionekana kutosha. Humo ndimo fasi ya mashine ile, na mwenzetu akifika huko tutampigia makofi.

Sasa kuna neno moja alilotujibu, na hatuwezi kulifunika. Alisema: «Nyinyi mnadhani feza ya ukoo inangoja? Mtoto akiugua, itatoka. Msiba ukija, itatoka. Mjomba akitaka kuoa, itatoka. Nisipoitumia sasa, nitakuwa na diploma na mikono mitupu.» Ni kweli. Sisi wote tumeona feza ya masomo ikigeuka jeneza, na hakuna aliyekosa. Jibu letu ni dogo: ukoo ukubali leo kwamba sehemu moja ni ya daktari na nauli yake, mara tu baada ya Egzeta, sehemu ya pili iingie katika mchele wa Kasongo, mikononi mwa watu watatu, mmoja wao mama yake, na ile inayobaki, ugonjwa ukija, itibu mgonjwa. Mwenzetu anasema hiyo ya tatu itakwisha. Huenda. Lakini akiwa na cheti cha daktari na Kiingereza, atakuwa na kitu cha kuonyesha kanisa, mtu wa bursa, ao shirika lolote. Akiwa na karatasi yenye muhuri wa bluu, ataonyesha nani?

Dada yetu anatuomba tuongeze kwamba safari ya kwanza ya MAF, wale wa ndege ndogo za misioni, ilirushwa mwaka 1946 na mwanamke, Betty Greene, kwenda Mexico. Tumeongeza.

Jumapili baada ya ibada ukoo unakutana nyumbani kwa babu yao. Baba mdogo atakuwapo, amekuja toka Salamabila. Yeye hajui kusoma, na mwenzetu, pamoja na ubishi wote, ametuomba sisi tuende kumsomea ukurasa huu mwenyewe kwa sauti. Tutaenda wote watatu, na kalenda yetu.